Tabaka Mbili

Miaka kumi na tisa nimeufunga mkono huu.
Naujua kama mshona viatu ajuavyo mguu wa mteja wake:
kifundo kilichovunjika Cardiff kikaunga upande,
kovu la jino la mtu ambaye leo anauza bima,
kidole gumba kinachoijua mvua kabla ya wingu,
ingawa hapa Merthyr mvua haihitaji mtabiri.

Zamani alininyooshea bila kunitazama,
anatafuna chungwa, anamtania refa.
Usiku huu ameniuliza:
"Imekaa sawa, Gwil? Hujailegeza?"
Nimesema imekaa.
Bondia akianza kuuliza
kona nayo huanza kusema uongo.

Mkono wa kushoto wa Idwal Prosser!
Mtu alisikia uchungu kwanza, kisha ndipo akaiona glovu.
Piga, toka. Piga, toka.
Alikanyaga turubai kama akanyagaye kaa la moto,
na watu waliofungiwa mgodi walikuja na fidia yao mfukoni
kumwona mmoja wao asiyeguswa.

Siku hizi anasubiri.
Sijui alianza lini. Labda Swansea,
labda majira yale mama yake alipolazwa,
labda ni hesabu tu: arobaini kasoro miwili.
Anauona upenyo. Nami naona kwamba ameuona,
bega linashtuka,
halafu mlango unafungwa
yeye bado anapapasa funguo.
Basi anakumbatia. Anaegemea kamba.
Anajilaza juu ya mwenzake kama mlevi kwenye nguzo ya taa.
Huko vitini wanauita ujanja wa utu uzima.
Mimi ndiye ninayekamua sponji.

Jumanne, ukumbini juu ya duka la mazulia,
nilimpandisha ulingoni na Rhodri,
mtoto aliyezaliwa mwaka nilioanza kumfunga Idwal bendeji.
Raundi ya pili mtoto akamfungua.
Kidevu kikabaki wazi kama kikombe mezani.
Nikaiona ngumi ya kulia inakuja, nikakunja uso,
ikafika katikati ya njia,
ikajirudi.
Ikawa kofi dogo begani,
la mtu anayempangusa babu yake vumbi kwenye koti.

Hakuna aliyesema neno. Kengele. Maji. Mate ndooni.
Idwal akatoa kinga ya meno, akaitazama kwa muda.
"Umeiona?"
"Nini?"
"Gwil, usinifanye mtoto."

Nimemwona akianguka mara nne maishani,
na zote nne aliinuka kabla ya nane.
Ile ambayo haikumfikia
hadi leo hajaamka.

Mke wangu huuliza kwa nini simwambii aache.
Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, ananiambia.
Ndiyo. Lakini zizi la huyu lina kamba nne na kengele,
na ndani yake kuna kijana wa Leeds anayerukaruka.

Mlango unagongwa. Dakika tano.
Nampaka mafuta ya mgando juu ya nyusi,
kisha nampaka tena.
Sijawahi kumpaka tabaka mbili.
Anajua. Anafumba macho na kutulia
kama mtu aliye mbele ya kinyozi.
Nje wanaliita jina lake, si wengi,
naye ameinamisha kichwa, anasikiliza,
kama anayetaka kuhakikisha
kwamba ni lake.