Kulia Ukibonyeza

Punda ndiye aliyempima kwanza.
Kutoka Langoni hadi mlango wa hospitali,
kila ukwato ulipoteleza juu ya jiwe
Famau alijikunja, akashika ubavu wa kulia,
na mimi, nimesimama barazani na glavu mkononi,
nikahesabu moja kabla sijamwamkia.

"Lilianzia kitovuni, yana, baada ya magharibi.
Yeo limehamia huku."
Moja.

Mkewe, Mwanakheri, alieleza lililomtisha yeye:
mtu aliyekoroga halwa miaka ishirini na sita,
anayeonja kila sufuria kwa ncha ya kidole,
asubuhi alisikia harufu ya iliki
akageukia ukuta.
Kwenye fomu hamna kisanduku cha iliki.
Nikaandika: hana hamu ya kula. Moja.

Hakutapika. Joto, thelathini na saba kamili.
Sifuri. Sifuri.

Chuoni orodha hii ilinikataa kichwani
mpaka nilipoitungia utenzi:

    Maumivu yakihama,
    na chakula akigoma,
    kutapika, pia homa,
    kila moja, moja tia.

    Kulia ukibonyeza,
    mbili hapo waongeza;
    ukiachia, akaza,
    moja tena yaingia.

    Nyeupe chembe za damu
    zikizidi, ufahamu,
    zikijaa changa humu,
    tatu zote zatimia.

Mwalimu Ngumbao alicheka hadi miwani ikamtoka.
"Kulia kupi, wewe? Upande au machozi?"
Sikuwa na jibu.

Usiku huu niliweka vidole vitatu
pale, theluthi ya njia
kutoka mfupa wa nyonga kwenda kitovuni,
na mwanamume niliyemwona akimzika babake kwa macho makavu
alilowa mashavu bila sauti.
Vyote viwili, Mwalimu.
Mbili.

Jumla, tano.
Saba humtoa mpasuaji kitandani.
Tatu hurudi nyumbani na maneno ya kujihadhari.
Tano haimlazi mtu wala haimwamshi,
inakukalisha kwenye kiti cha plastiki
ukitazama tumbo la mwenzio likipanda na kushuka.

Mashine ya damu ilikuwa imezimika tangu isha.
Jenereta ina mafuta ya friji ya chanjo na taa za upasuaji, basi.
Kahindi wa maabara akatoa hadubini ya zamani kabatini,
akaipangusa kwa shati,
akakielekeza kioo chake kwenye tochi ya simu.
Nilikaa nikisikiliza kidude chake cha kuhesabia:
ta, ta, ta-ta, ta.

Na hapo Somoe akanijia.
Mwaka juzi. Alama zake nane,
nilizijumlisha mara mbili, kwa wino.
Tulimpasua, na kidole tumbo chake
kilikuwa safi, chembamba, hakina kosa,
ugonjwa uko jirani, kwenye ovari.
Utenzi wangu haukuuliza kama mgonjwa ni mke au mume.
Hadi leo tukikutana sokoni hunisalimia bila kinyongo,
na salamu yake hunibonyeza,
kisha huniachia.

"Elfu kumi na tatu, mia mbili," Kahindi akasema.
"Changa si nyingi."
Mbili, basi. Saba.

Sikuandika papo hapo.
Nilirudi kitandani, nikamwomba Famau akohoe,
kidogo tu.
Alinitazama kana kwamba nimemtukana ukoo,
akabana midomo.
Kukataa kule pia hakuna kisanduku,
lakini ndiko kulikonipa mkono wa kushika simu.

Mpasuaji aliitika kwa sauti ya mto wa kulalia.
Nikamtajia umri, saa, saba.
Akauliza, "Na wewe waonaje?"
Swali ambalo haliko kwenye karatasi.
"Naona uje."

Mwanakheri alikuwa amechungulia begani mwangu.
Mama wa watoto wanne wa shule, anajua karatasi za alama.
"Saba juu ya kumi," akanong'ona. "Kwa hiyo amepasi?"

Famau, macho amefumba, ndiye aliyecheka wa kwanza,
kisha kicheko kikamfikia kulia
akakishika kwa mikono miwili.