Mtoto wa Taulo

Plovdiv, ukumbi wa zamani, nina miaka kumi na miwili,
nimechuchumaa nyuma ya refa na taulo langu.
Radosveta akianguka, nakimbia.
Historia yake naijua kwa maji aliyoyaacha sakafuni.

Msimu wa kwanza, alama ya kiwiko tu,
nyembamba kama mkia wa mjusi.
Mwaka wa kombe, mwili mzima:
bega, nyonga, paja.
Nilipangusa kwa haya, kama ninayefuta picha ya mtu.

Fainali, alipaa. Sina neno jingine.
Mpira uligonga mbao, mbao zikajibu
hadi nyayoni mwangu.

Kisha Uturuki. Kisha goti, kisha kisu,
kisha goti lilelile.
Magazeti yakaendelea kuhesabu medali.

Leo nimemkuta sokoni anachagua pilipili hoho za kuchoma,
mguu mmoja ukimsubiri mwenzake.
Mfuko ukapasuka. Nikainama kabla yake;
mazoea hayana dawa.

"Wewe," akasema, "wa taulo."

Tukaokota moja moja.
Ile iliyobingirika mbali, chini ya meza ya muuza jibini,
sikuigusa.
Alikwisha kuifikia.