Honi Tatu

Hapa Al-Khodh watu hawashuki garini.
Agosti imewafunga mikanda,
kiyoyozi kinawadekeza kama watoto wa mwisho,
basi wanakuita kwa honi
nawe utoke na jasho lako.

Honi moja: karaki, baisa mia.
Honi mbili: karaki na chapati ya jibini,
ile yenye chipsi za pakiti zilizopondwa ndani.
Honi ndefu isiyokoma: mwanafunzi wa chuo,
ana mtihani kesho, hajui anataka nini.

Honi tatu fupi ni Hailaksi nyeupe,
saa tatu u nusu, baada ya isha,
mishkaki kumi.
Miaka miwili simjui ila mkono:
pete ya akiki kwenye kidole cha mwisho,
kovu la moto juu ya kifundo,
na neno moja.
Shafiqul humwendea na Kiarabu chake cha kuungaunga,
wa dirishani humjibu: "Ukwaju."
Si tamri hindi. Ukwaju.
Nami ndani ya sanduku langu la bati
huinua kichwa kama niliyeitwa kwa jina la nyumbani,
kisha hurudi kwenye makaa,
maana nyama haingoji mtu akumbuke.
Usione vyanukia, vimeloweshwa tangu alasiri.

Jumatatu akaja bwana wa baladia,
kanzu imepigwa pasi mpaka inakata,
akazunguka gari mara mbili, akaandika.
"Bibi Zuhura, kibali kinasema gari.
Gari hutembea."
Niliinama kutazama magurudumu:
hayana pumzi, yamekaa chini kama wageni waliokwisha kula,
na chini ya la kushoto paka amezaa.

Shemeji Hilali alileta pampu.
Paka tulimhamisha kwanza, na wanawe wanne,
ndani ya boksi la vikombe.
Nikashika usukani, mijiti ikiviringika sakafuni,
upawa ukigonga bati kila shimo,
Shafiqul amepakata sufuria la ukwaju,
amefumba macho, anasoma dua zote anazozijua.
Mita mia nne.
Ng'ambo ya barabara, nyuma ya duka la matairi.

Usiku ule wa kwanza hakuja mtu.
Moshi ulipanda, ukatafuta pua, ukakosa.
Nikahesabu mishkaki, nikahesabu tena,
kana kwamba kuhesabu ni kuuza.

Ndipo nikasikia.
Kule tulikotoka, kwenye kiwanja kitupu,
fupi, fupi, fupi.
Kimya.
Tena tatu.
Anaupigia honi mchanga!
Halafu mlango ukafunguka
na yule mkono ukatoka na mwili wake wote.
Kumbe ana miguu.
Kumbe ni mfupi, bega moja limeshuka,
amesimama juu ya doa la mafuta tuliloliacha
anageuka huku na huku
kama mtu aliyehamishiwa kibla.

"Nikimbie na sahani?" Shafiqul akauliza.
"Ngoja," nikamwambia.
Nikapanda mbele, nikapangusa vumbi usukanini.
Miaka miwili napigiwa,
sikuwahi kujua yangu inaliaje.

Inalia kama mbuzi mwenye mafua.
Nikapiga tatu.

Akageuka.
Akatazama Hailaksi yake, akatazama barabara,
akaufunga mlango
akaja kwa miguu, kwenye joto lile, kanzu ameishika mkononi.
Alipofika alikuwa anahema, hakusema neno.

Ukwaju nilikuwa nimeshautia.