Vikombe Havitoroki

Ubao niliupima mara tatu,
nikaukata mara moja, nikakosea.
Ndio useremala wa mstaafu wa forodhani:
penseli sikioni, msumeno wa kuazima,
na Shajahan, fundi wa Wadi Kabir, kwenye simu
akinicheka kwa Kiarabu chake cha Kimalayali.

Mgeni aliletwa na mwanangu Muhannad.
Kwa rafiki, kasema, huko Bidbid,
ndani ya kopo la samli lililotobolewa kifuniko.
Dassas, nyoka wa mchangani,
rangi ya biskuti iliyochovywa chai,
macho juu kabisa ya kichwa
kama mtu aliyeshtuliwa kisha akasahauliwa hapo.
"Hana sumu, baba. Hana hata haraka."

Mama alikuwa akila tende. Akatema kokwa,
akatazama dirisha, kopo hakulitazama.
"Giza limeshaingia. Katika nyumba hii hilo halitajwi usiku.
Litaitwa kamba."

Basi nikaijengea kamba nyumba.
Pembe nikazitia gundi, kisha skrubu,
viungo vya ndani nikavipaka silikoni kwa kidole.
Mgongoni matundu kumi na mawili ya kupumulia,
madogo, maana kwa kamba
kikipita kichwa, mwili haukwami.
Nikapiga msasa mpaka jirani akafunga madirisha.
Vanishi, siku tisa kuianika roshanini,
chini ya jua la Al Hail
linaloweza kukausha hata kiapo.

Na hapa nilijicheka mwenyewe:
nje nyuzi arubaini na saba,
kunguru anahema mdomo wazi juu ya tangi la maji,
nami niko dukani Ruwi, nanunua joto.
Taa, na kidude cha kuipima,
maana ndani kiyoyozi kinatugandisha sote
na mgeni wa jangwani amekakamaa kama mshumaa.

Kioo ndicho kilichonishinda.
Mifereji miwili, juu na chini, ili kiteleze,
niliichonga vizuri, wallahi.
Kioo kikaja pungufu vidole viwili.
Vidole viwili! Kwa kamba, hilo ni lango la mji.
Siku tatu sanduku likakaa tupu sebuleni,
wazi, kama kinywa cha mtu aliyesahau neno.

Ya nne, alfajiri, nikasikia vyombo vikigongana.
Mama yuko mbele ya kabati lake,
lile la Matrah, la mwaka aliozaliwa dada yangu Rayya,
anavitoa vikombe vyenye ukingo wa dhahabu
ambavyo hakuna mgeni aliyepata kuvinywea.
Kavipanga zuliani, safu safu, kama watoto wa chuoni.
"Chomoa vioo," kasema. "Vikombe havitoroki."

Vikaingia. Vilizidi kidogo, vikapishana,
kwa ule mlio mdogo
wa siku za Idi, alipotuonyesha vikombe
na kuvifungia tena.

Mchanga kilo ishirini, mkavu, umechekechwa.
Tukamwachia.
Akajivuta shubiri moja, akainamisha pua,
akazama.
Kikabaki kijikunjo tu,
kama shuka iliyolaliwa.

Majirani walikuja kutazama nyoka, wakatazama mchanga.
Wakanywa chai katika vikombe vya dhahabu,
maana havikuwa na pa kukaa.
Kimoja kimepasuka. Mama hakusema kitu.

Siku hizi, kabla ya kulala, huvuta kiti chake cha kusalia
mpaka mbele ya vioo vyake.
Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka;
mama hajaumwa na chochote,
kashtuka miaka sabini kwa niaba ya wengine.
Sasa anakaa. Anavuta uradi.
Jana nimemsikia:
"Macho hayo. Mawili. Karibu na jiwe."
Nikainama, nisione kitu.
"Kamba hiyo, mama?"
"Kamba ina macho?" akanong'ona,
akaniwekea kidole mdomoni, ninyamaze,
nisimwamshe.