Nyekundu ya Mideva

Nataka nyekundu isiyo na haya, nilimwambia Ambetsa.
Si ya waridi. Si ile ya matofali ya Lurambi
inayochoka kabla ya kufika ukutani.
Nataka nyekundu inayopiga hodi
na kuingia kabla ya kuitikiwa.

Alicheka, akajifuta tope kwenye aproni ya gunia.
Kitalu chake kiko karibu na daraja la Isiukhu:
miche kwenye mikebe ya mafuta, madebe ya rangi,
birika moja lililopoteza mdomo.
Majina ya vitabuni hayajui, kaipa yake:
Ulimi wa Jogoo. Mke wa Pili.
Deni la Duka. Usinipite.

"Huyu Mke wa Pili, ukimweka sebuleni
wageni hawaagi."
Alikuwa mrefu, majani kama mikanda,
mekundu hadi shingoni.
Nikambeba.

Deni la Duka nililivunja jani, ncha tu.
Maziwa meupe yakachuruzika.
Nikaurudisha mkebe chini.
"Chukua, mama, Desemba linawaka lote!"
"Liwake hapa kwako. Nyumbani kuna mtu
anayepapasa kila kitu
kisha anajifikicha macho."

Hapo aliacha kucheka.

Sikumweleza yote.
Kwamba mama yangu, Mideva,
aliyekuwa akichagua mchele huku anasimulia
na asipitwe na jiwe hata moja,
sasa kijani kwake ni ukungu,
buluu ni ukungu,
uso wangu pia.
Lakini juma lililopita alisimama ghafla ukumbini,
akanyoosha kidole:
"Nani kaacha ndoo pale?"
Ndoo ilikuwa nyekundu.
Nililia jikoni, bomba likiwa wazi.

Usinipite nilimchagua kwa vidole, macho nimefumba:
laini kama sikio la ndama.
Mia sita hamsini kwa mitatu,
na samadi konzi mbili za bure.

Ulimi wa Jogoo nikauweka mlangoni pa bafu.
Mke wa Pili, kwenye kona ya lile kabati
linalomgonga goti kila asubuhi.
Usinipite, kando ya kitanda.
Siku tatu mama alitembea nyumba nzima
kama mwenye hati yake,
kutoka moto hadi moto,
fimbo kaitundika nyuma ya mlango.

Siku ya nne, saa tisa,
mbingu ya Kakamega ikaanza kusaga meno.
Mama akafunika kioo kwa shuka.
"Minayo, toa hivi vyekundu. Radi haiulizi mwenye nyumba."
"Mama, radi haichagui rangi."
"Mwambie Kisia hivyo. Na sweta yake ya shule."

Kisia nilikaa naye dawati moja.
Fizikia yote niliyosoma
ikanikwama kooni kama mfupa wa samaki.
Nikaisukuma mimea chini ya meza, nikaivisha gunia.

Mvua ilipokatika nilimsikia ukumbini
akilipapasa ukuta, akiuliza ukuta:
bafu limekwenda wapi?
Goti likalipata kabati.
Hakusema kitu. Mimi pia.

Kisha mvua ya Jumamosi, kubwa kuliko ile,
stima ikazimika kwa mlio mmoja.
Nikatafuta gunia, nikahesabu mikebe kwa mkono:
miwili.

Nilimkuta chumbani, kwenye kigoda,
mgongo kauelekeza dirishani,
amejitanda leso kuanzia kichwani hadi magotini,
na ndani ya leso kitu kimetuna
mithili ya mtoto anayenyonya.
Radi ikapasua. Nuru ikapita kwenye leso,
nikaliona jani, na jicho la mama
vimekaribiana kama wawili wanaosengenya.

"Usiwashe mshumaa," akanong'ona.
"Nimemficha. Huko juu hawamwoni."

Akanyamaza, akisikiliza mabati.

"Mimi ndiye namwona."