Gubiti ya Thumuni

Nyuma ya kadi ya kliniki, kwa wino wa zambarau,
shangazi Mwanakombo aliandika:
"Sukari ya thumuni. Ndimu nusu. Iliki kwa jicho.
Koroga hadi pembea ya Makadara izunguke mara saba."

Thumuni! Leo hainunui hata punje.
Na pembea? Ile ya mbao, ya farasi wasio na masikio,
aliyoisukuma Shee Chuma kwa mikono
Idi nzima, ujira wake ukimtunisha shavu,
iligeuka kuni kabla sijaota ndevu.

Nimeunguza sufuria mbili.

Ya tatu nikamwita binti yangu, Tima:
zunguka meza, mie nihesabu.
Akazunguka, gauni likimfuata nyuma,
ya tano akapepesuka,
ya saba akaanguka chali akicheka,
na sukari, wallahi, ikaiva.

Nikaivuta ingali moto, vidole vikilia,
nikaikata kwa mkasi wa kushonea.
Akatia kipande mdomoni. Kimya.
Kisha, kwa taabu:
"Baba, mbona inanata?"

Ndivyo ilivyo, mama.
Hukamata meno makusudi,
usiombe ya pili
kabla ya Idi kwisha.