Sauti Mbili

Zamu ya kusoma imeniangukia mimi.
Mwinjilisti Chiteme amenipa kijikaratasi kilichokunjwa:
Torati, sura ya ishirini na moja, mstari wa kumi na nane.
Hakujua. Au alijua.

Usiku nafanya mazoezi kwa tochi ya simu,
kidole kikifuata maneno kama kinasaka chawa:
mwana mkaidi, mlafi, mlevi,
wazazi wamkamate, wamfikishe langoni kwa wazee,
wanaume wa mji wampige mawe
afe.
Hapo koo hunikauka
kama Mto Bubu mwezi wa kumi.

Maana Hezroni yuko nyuma ya zizi, amelala na viatu.
Madebe nane ya zabibu kayauza kwa bei ya matatu,
na bei yenyewe kainywa palepale Hombolo.
Baba yake, Ndahani, ana mkanda, sasa ana na andiko.
Mawe je? Mawe hatukosi.
Ugogo ulipoumbwa yalimwagwa mawe kwanza,
mvua ikasahauliwa.

Bwana, nakuuliza kwa adabu, nimekaa kitako:
ulipolitoa neno hili ulikuwa unamtazama nani?
Mwaka wa njaa, mlenda bila ugali,
alinisukumia bakuli akasema ameshiba.
Miaka sita, anadanganya kwa ajili yangu.
Na huo ni ukaidi? Umeandikwa wapi?

Saa saba narudia. Saa nane.
Ndipo unanichoma, kama mwiba uliolala kwenye soli:
baba yake na mama yake.
Waseme, hasikii sauti yetu.
Yetu.
Ndahani peke yake hawezi.
Langoni wataulizana, mama yuko wapi?

Basi mama ana kikohozi.
Mama yuko shambani, anapogoa mizabibu.

Sijui kama mwanya huu uliuacha wewe,
au nimeutoboa mimi kwa kucha.
Tusidanganyane, sijapatana nawe.
Sheria ipo. Mawe yapo.

Jumapili nilisoma yote, sikuruka neno.
Kwenye "afe" nilinyamaza
mpaka mtoto wa mtu akalia,
mpaka Ndahani akaanza kuitazama mikono yake.
Sikumalizia na "Neno la Bwana."
Wakakosa pa kushukuru.

Nyumbani Hezroni alikuwa ameamka, anaomba maji.
Nikampa.
Kikombe kilitetemeka kati yetu,
sijui kwa mkono wa nani.